Mhindu yupi? Kwa wewe unayeanza kusoma dini za bhakti

Insha yangu ya kwanza nilipofika Pune, India, kusoma masomo ya dini ilianza hivi: "Wahindu wanaamini kwamba Mungu..." Mwalimu hakuendelea kusoma. Alilizungushia duara neno la kwanza, akaandika pembeni: yupi? Kisha akanirudishia karatasi zote kumi na mbili. Nilikuwa nimekesha siku mbili kuiandika, na ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa amenisaidia. Sasa mimi ndiye ninayesahihisha, na kila mwaka sentensi ile hurudi mezani kwangu kwa mwandiko mwingine. Namwandikia mwanafunzi neno lilelile, halafu namwita tukae. Haya ndiyo tunayozungumza tukikaa.

Tunaanza na Kiswahili chenyewe. Sisi humwita Mhindi kila mtu mwenye asili ya Bara Hindi, awe Ismailia, Bohora, Singasinga, Mgoa Mkatoliki au Mjaini. Mhindu ni jina la dini, na hata hilo ni pana mno, kama kusema fulani ni mtu wa bahari bila kueleza kama ni mvuvi, nahodha au fundi wa majahazi. Neno Baniani liachie methali na nyaraka za kale. Lilianza kama jina la wafanyabiashara, likaja kubeba dharau. Halafu kuna neno sanamu. Mimi nimelelewa Tanga, nimeingia chuoni kwa maalimu kabla sijaingia shule, na najua kwamba neno hilo likitamkwa hukumu imeshatolewa. Aliyekulia kwenye mafundisho ya kanisa anajua vilevile. Imani yangu ni yangu na sijaiacha. Lakini kazi ya msomi wa dini ni kueleza mwenzake anaona nini, na hiyo haiwezekani kwa neno ambalo mwenyewe hawezi kulikubali. Sema murti. Mbele kidogo utakuta kwamba wapo hata wasiolitaka neno murti.

Na bhakti je? Vitabu vitakuambia ni ibada, au mapenzi kwa Mungu. Si kosa. Lakini mzizi wake wa Kisanskriti, bhaj, una maana ya kugawana, kuwa na fungu katika kitu, kushiriki. Kwa Kiswahili, kushiriki ndilo neno lililo karibu kuliko yote, na ndilo tunaloliogopa kuliko yote, kwa sababu kutoka hapo tuna ushirikina. Kaa na ugumu huo kabla ya kuukimbia. Mtu wa bhakti, kwa jinsi anavyojiona mwenyewe, hamtafutii Mungu mshirika; anayeshiriki ni yeye. Anakula chakula ambacho Mungu amekionja kwanza, anaimba jina lake, anakesha naye, anamlilia, wakati mwingine anamgombeza. Anachotaka kujua ni hiki: mimi kwako ni nani, na wewe kwangu ni nani?

Kwa hiyo usimalize ukurasa kwa idadi ya miungu. Utaikuta ile milioni 330 kwenye vijarida na kwenye hotuba za watu wanaotaka kuchekesha. Kuhesabu huko wenyewe walikufanya zamani, na kwa undani kuliko sisi. Katika Brihadaranyaka Upanishad, kimoja cha vitabu vyao vya kale, Shakalya anamuuliza mwanachuoni Yajnavalkya miungu ni wangapi. Anajibiwa 3,306. Anasema sawa, lakini hasa ni wangapi? Thelathini na watatu. Sawa, lakini hasa? Sita. Watatu. Wawili. Mmoja na nusu. Mmoja. Hakuna jibu hata moja analolikataa. Kila mara anasema sawa, kisha anauliza tena. Ukiliona hilo utaelewa kwa nini mtu anaweza kukuambia asubuhi kwamba Mungu ni mmoja na jioni akaenda kwa Ganesha, Shiva na Durga bila kujihisi amejipinga.

Mgawanyo wa kwanza utakaofundishwa darasani ni wa nirguna na saguna: Mungu asiye na sifa wala umbo, na Mungu mwenye sifa, jina, uso na hadithi. Upande wa kwanza utamkuta Kabir, mfumaji wa Varanasi wa karne ya 15, aliyetoka katika jamii ya wafumaji Waislamu. Mungu wake anamwita Ram, na msomaji wa haraka anadhani ni yule Rama mwana wa Dasharatha, mwenye upinde. Siye. Ram wa Kabir hakuzaliwa, hana mke wala mji, na hafungiwi hekaluni wala msikitini. Upande wa pili atawekwa Surdas, mshairi wa Krishna. Katika nyimbo zinazonasibishwa naye, Krishna amehama kijiji na kwenda Mathura, akamtuma rafiki yake Uddhava awatulize wanawake wachungaji waliobaki wakimlilia. Uddhava ni msomi. Anawashauri waache kulilia umbo, wamtafakari yule Asiye na umbo aliyemo ndani yao. Wanamsikiliza mpaka mwisho. Kisha wanamjibu kwamba wao hawana mioyo kumi wala ishirini. Walikuwa nao mmoja, na umeondoka na Krishna, sasa huyo wa kutafakari wampende kwa moyo upi?

Kila mwaka yuko mwanafunzi anayenyamaza nikisimulia hapo. Huyo najua ataendelea.

Baada yao anakuja Tulsidas, aliyeanza kuitunga hadithi ya Rama kwa Kiawadhi huko Ayodhya mwaka 1574. Yeye anasema tofauti haipo: asiye na sifa na mwenye sifa ni kama maji, theluji na mvua ya mawe. Anaongeza kwamba, kwa maoni yake, Jina la Mungu ni kubwa kuliko hao wawili. Wengi hapo hufunga daftari wakiona ugomvi umekwisha. Lakini tazama anayezungumza ni nani. Mfano wa maji na theluji unamfaa mtu wa Rama, maana unamruhusu abaki na Rama wake huku akimheshimu Asiye na umbo. Kabir asingeutia sahihi. Kila unapopewa maneno ya upatanisho, uliza yametoka upande gani wa meza.

Wala usiwapange washairi kama timu mbili za mpira. Hili nililifahamu kwa miguu. Pune nilipanga chumba kwa mama mmoja wa Kimarathi. Nilimwita kaku, yaani shangazi, kama walivyomwita wapangaji wote. Kwenye rafu ya jikoni, juu ya makopo ya dengu, alikuwa na Vithoba, ambaye pia huitwa Vitthal, wa shaba, asiyezidi urefu wa kidole, mikono kiunoni, amesimama juu ya tofali. Hivyo ndivyo anavyosimama Pandharpur, mji wa hekalu lake kuu. Husimuliwa kwamba alikuja kumtembelea kijana Pundalik, akamkuta anawahudumia wazazi wake. Pundalik akamrushia tofali asimame hapo angojee. Mungu akangoja, na bado anangoja. Sikiliza vizuri hadithi hiyo inasema nini juu ya Mungu: anakuja mwenyewe, anawekwa kusubiri, na hakasiriki.

Kila mwaka, ili wafike katika mwezi wa Ashadh (Juni au Julai), watu wanatembea kwa muda wa kama wiki tatu kutoka Alandi na Dehu hadi Pandharpur, wakisindikiza viatu vya watakatifu washairi Jnaneshwar na Tukaram juu ya machela ya fedha. Misafara hiyo hupitia Pune. Kaku alinichukua nikatembea nao siku ya kwenda Saswad, kupanda Dive Ghat. Mvua, matoazi, wanawake wenye vyungu vya mrehani vichwani. Njiani mzee mmoja nisiyemjua aliinama akagusa miguu yangu, akaniita mauli, yaani mama. Nilirudi nyuma kwa hofu. Kwetu hainamiwi mtu. Kaku akaniambia: "Hakukuinamia wewe. Amemwona Vitthal." Nikamuuliza, kama Vitthal yumo miguuni pangu, mbona tunatembea mpaka Pandharpur? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakwenda kwa mama yake ilhali mama yumo moyoni. "Sasa usiende?" akasema, akaendelea kupanda.

Watu wa njia hiyo wanamwita Vitthal baba na mama kwa pumzi moja. Janabai, aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya mshairi Namdev, anaimba kwamba Vitthal huja kukaa naye kwenye jiwe la kusagia, akashika mpini, wakasaga nafaka pamoja. Tukaram, karne ya 17, ana nyimbo ambamo Mungu amejaa kila mahali hata hakuna pa kuelekezea ibada, na ana nyingine anamwambia waziwazi kwamba hautaki ule ujuzi wa kuwa kitu kimoja naye: mimi niwe mja, wewe uwe Mungu, tubaki hivyo. Huyu ni nirguna au saguna? Mwanafunzi akiniuliza, namwambia aandike wimbo upi, mstari upi. Mtu anayeomba kwa miaka thelathini hasemi neno moja maisha yote.

Utakapofika kwa wanafalsafa, usiwakariri kama jedwali. Wote wanajibu lile swali la mimi kwako ni nani. Shankara, yapata karne ya 8, anajibu kwamba mwisho wa yote hapana wawili. Kumwabudu Mungu mwenye sura ni ngazi ya kweli kwa anayepanda, lakini ukifika juu, aliyepanda na aliyepandiwa ni yuleyule. Ramanuja, ambaye mapokeo yanampa miaka 1017 hadi 1137, hakuvumilia jibu hilo. Anasema nafsi na ulimwengu ni kweli, ni mwili wa Mungu, na Mungu ni nafsi ya mwili huo: hamtengani, na hamwi kitu kimoja tupu. Madhva wa Udupi, aliyezaliwa 1238, akaenda mbali zaidi: Mungu ni mbali na nafsi, Mungu ni mbali na vitu, nafsi ni mbali na nafsi, nafsi ni mbali na vitu, na kila kitu ni mbali na kingine. Tofauti tano, na hazifutiki hata baada ya wokovu. Kwake wapo hata wasioweza kuokoka milele. Na bado katika hekalu la Krishna hapohapo Udupi wanakuonyesha dirisha dogo lenye matundu ambapo, husimuliwa, Krishna aligeuka na kuuangalia ukuta wa nyuma ili Kanakadasa, mtu wa tabaka la chini aliyezuiwa kuingia, amwone. Mafundisho ya tofauti na Mungu anayegeuka vinakaa jengo moja.

Nikitaka wanafunzi washike kwa haraka kwa nini watu wa bhakti walimkimbia Shankara, nawapa mstari wa Ramprasad Sen, mshairi wa Bengal wa karne ya 18 aliyempenda Kali kama mama yake mzazi: kuwa sukari hakuna raha, mimi napenda kula sukari. Hakuna anayehitaji maelezo zaidi baada ya hapo.

Sasa hebu tukae na paka na kima, kwa sababu hapa ndipo mgeni anajifunza kwamba tofauti ndogo inaweza kuwa kubwa. Wafuasi wa Ramanuja wana Mungu mmoja, Vishnu pamoja na Lakshmi. Wana vitabu vilevile, mashairi yaleyale ya Kitamil ya Alvar, watakatifu washairi kumi na wawili, hekalu lilelile kuu la Srirangam. Baada ya karne kadhaa wakagawanyika, Vadakalai na Tenkalai, wa kaskazini na wa kusini. Walibishania nini? Namna Mungu anavyookoa. Vadakalai, wanaomfuata Vedanta Desika, wanatumia mfano wa mtoto wa kima: mama anaruka tawi hadi tawi, anayembeba ni yeye, lakini mtoto lazima ang'ang'anie tumbo lake. Akiachia, ataanguka. Tenkalai, wanaomfuata Pillai Lokacharya, wanatumia mtoto wa paka: hashiki kitu, hajui aendako, mama anamuuma ukosi kwa upole na kumhamisha. Kazi yake ni kulegea.

Ukisoma hivyo unaweza kudhani ni mchezo wa mifano. Hebu fikiria mtu aliyelala mahututi, hawezi kutamka dua wala kukumbuka jina la Mungu. Wa kima anapata wasiwasi wa kweli juu yake. Wa paka hana wasiwasi. Tena wanatofautiana juu ya Lakshmi. Kwa Vadakalai yeye ni Mungu pamoja na Vishnu, sawa naye katika kuokoa. Kwa Tenkalai ni nafsi iliyotukuka kuliko zote, mwombezi anayesimama kati ya mwenye dhambi na Bwana. Alama wanazopaka usoni zinatofautiana: Vadakalai kama herufi U, Tenkalai kama herufi Y, yenye mguu ulioshuka puani. Mahekalu yalifikishana mahakamani kwa mambo haya, nani atangulie kusoma, sala ipi ianze. Mwanafunzi wa Kiislamu hapa hukumbuka mabishano ya kudra na hiari, Mkristo hukumbuka neema na matendo. Ni vizuri kukumbuka; huo ni mlango. Ila ukishaingia usiendelee kukaa mlangoni, maana Lakshmi hana mwenzake katika mabishano yetu, na yeye ni nusu ya ugomvi wao.

Mengine nayapitia haraka hapa, ila wewe utakuja kukaa nayo. Washaiva wa Kitamil wanazungumza kwa maneno matatu ambayo kwa Kiswahili yanakaa vizuri sana: Bwana, mfugo na kamba. Nafsi ni mnyama aliyefungwa, na Shiva peke yake ndiye anayeweza kuilegeza kamba. Basava na wenzake, karne ya 12 huko Karnataka, walimweka Shiva kwenye linga, alama yake, ndogo ya kuvaa shingoni, kila mtu na yake, mwanamke na mwanamume, fundi viatu na Brahmani. Basava anaimba kwamba matajiri watajenga mahekalu, lakini yeye maskini miguu yake ndiyo nguzo na mwili wake ndio hekalu, na kilichosimama kitaanguka bali kinachotembea kitadumu. Mwaka 2018 serikali ya jimbo la Karnataka ilipendekeza Walingayat, yaani wafuasi wa njia hiyo ya Basava, watambuliwe kuwa dini ya peke yake, kwa hiyo angalia hata unapowaita Wahindu. Na Vrindavan, katika hekalu la Radhavallabh, utamwona Krishna na pembeni yake taji tu badala ya murti ya Radha, mpenzi wake. Usiandike kwamba Radha amesahauliwa. Kwa madhehebu hayo, yaliyoanzishwa na Hit Harivansh karne ya 16, Radha ndiye mkuu kuliko Krishna.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki, kundi utakalolikuta kwanza huenda ni la Swaminarayan. Hekalu lao la mawe ya kuchongwa Nairobi lilifunguliwa mwaka 1999, na Kisutu, Dar es Salaam, utayakuta mahekalu ya jumuiya mbalimbali kwenye mtaa mmoja. Nakushauri jambo moja dogo la kazi: ukiingia, usianze kupiga picha. Tazama kwanza nani amesimama katikati. Swaminarayan alizaliwa mwaka 1781, akafariki huko Gujarat mwaka 1830. Mwaka 1826 aliigawa jumuiya katika makao mawili, Ahmedabad na Vadtal, chini ya watoto wa ndugu zake wawili aliowafanya wanawe wa kulea. Katika mahekalu ya kale ya makao hayo, katikati utawakuta Nara-Narayana au Lakshmi-Narayana, yaani Vishnu kwa maumbo yake ya kale. Shastriji Maharaj, aliyetoka Vadtal na kuanzisha jumuiya nyingine, BAPS, mwaka 1907, alifundisha kwamba Swaminarayan ndiye Mungu mkuu mwenyewe, na mja wake Gunatitanand Swami ndiye Akshara, makao ya Mungu ya milele. Kwa hiyo wote wawili wasimame katikati, Mungu na mja wake bora. Wengine waliona kumweka mja mahali hapo ni kuvuka mpaka. Mwenye kupita barabarani haoni tofauti yoyote. Aliyeangalia katikati ameshaelewa ugomvi wa zaidi ya miaka mia moja.

Jifunze pia salamu na alama, maana zitakuokoa usiulize maswali ya aibu. Anayekuambia Jai Swaminarayan, anayesema Jai Shri Krishna, anayesema Hare Krishna, anayesema Radhe Radhe na anayesema Ram Krishna Hari wamekwisha kujitambulisha. Mistari mitatu ya majivu iliyolala kwenye paji ni ya Shiva. Ya kusimama ni ya Vishnu, na ndani yake kuna madhehebu mengi. Vua viatu, tumia mkono wa kulia, na usiguse kitu ambacho hujaambiwa ukiguse.

Kuna mtego mmoja ambao ni mtamu kuliko yote. Siku ya kwanza ya utafiti wako utamkuta mtu mwema, msomi, atakayekuambia: "Mungu ni mmoja, njia ni nyingi, mito yote inaingia baharini." Utaandika kwa furaha, na utadhani umepata jibu la wote. Vivekananda, mtawa wa Kihindu, aliutumia mfano huo wa mito huko Chicago mwaka 1893, na tangu hapo umekuwa kauli ya mamilioni. Ni msimamo wenye heshima. Lakini ni msimamo, una wenyewe, na umelala karibu zaidi na Shankara kuliko na wengine. Madhva asingeukubali. Mfuasi wa Chaitanya, mwalimu wa bhakti wa Bengal, anayeamini kwamba Krishna ndiye asili, na kwamba Vishnu na wengine wanatoka kwake, hatakubali kwamba bahari haina jina. Ukiuweka msimamo huo kama muhtasari wa Uhindu, umewanyamazisha kwa adabu watu wote waliosema hapana. Nawaona wanafunzi wanaufanya kwa nia njema, wakitaka kuwatetea Wahindu dhidi ya matusi. Nia ni njema. Bado umewanyamazisha.

Dawa yake ni kumtembelea mtu mmoja mara nyingi. Wangu alikuwa bibi wa Kigujarati Mombasa, ambaye mtaa mzima ulimwita Ba. Alikuwa wa njia ya Vallabha, mwalimu aliyezaliwa 1479. Ndiyo njia ya Wabhatia wengi wa Kutch waliofika Unguja karne ya 19, jamii ya Jairam Shivji ambaye kampuni yake ilikodi forodha ya Sultani. Mungu wa Ba alikuwa Krishna mchanga wa shaba, anatambaa, donge la siagi mkononi. Nilimwita murti mara ya kwanza, akanisahihisha papo hapo: "Si murti. Ni Thakorji mwenyewe," yaani Bwana. Na anachomfanyia si puja, ni seva, utumishi, kwa sababu puja ina taratibu za kuomba kitu na yeye haombi kitu. Kwa Vallabha ulimwengu si kiini macho. Shaba ni kweli, maziwa ni kweli, na Krishna yumo humo kwa ukweli uleule. Neno pushti alilolipa njia yake lina maana ya lishe: neema ya Mungu inailisha nafsi. Ba naye alikuwa akimlisha Mungu.

Nilikaa nje ya mlango wa chumba cha seva. Ndani haingii asiyeoga na kuvaa nguo za tohara hiyo. Hekaluni Nathdwara, Rajasthan, ambako Shrinathji, Krishna mkuu wa njia hiyo, alifikishwa mwaka 1672, pazia hufunguliwa mara nane kwa siku kufuata siku ya mtoto: kuamka, kuvishwa, kwenda machungani, chakula cha mchana, usingizi, mpaka kulala usiku. Ba aliifuata ratiba hiyo kadiri ya nguvu zake. Ilikuwa Januari. Kalenda ya huko inasema ni baridi, mtoto avikwe nguo nzito zenye pamba. Mombasa Januari hata ukuta unatoka jasho. Ba aliwaza kwa sauti, akaiweka kando koti ndogo ya mahameli aliyoishona mwenyewe, akamvisha melimeli nyeupe, akasogeza feni. Kisha akachovya kidole kwenye maziwa kuona kama yamepoa. Harusi ya mjukuu wake huko London hakwenda. Angemwachia nani mtoto?

Siku moja nikamuuliza lile swali la darasani, kama Mungu ni muweza wa yote. Akasema ndiyo, yeye ndiye aliyeziumba dunia zote. Nikamuuliza, sasa anahitajije maziwa yako? Hakuona kama nimemtega. "Akiwa mkubwa haji," alisema. "Nani anaweza kumbeba mkubwa? Amekuwa mdogo ili nimpate." Saa ya kutoka usingizini ikafika, akanyanyuka, magoti yakimuuma, akanionyesha kwa mkono nibaki palepale.

Niliandika maneno hayo kabla sijafika kituo cha matatu, kwa Kigujarati kama alivyoyasema, na Kiswahili chake nikakitia chini yake usiku. Nawe fanya hivyo: maneno ya mtu kwanza, kwa lugha yake, na jina la njia yake juu ya ukurasa. Neno Wahindu liweke akiba mpaka utakapolihitaji kweli.